Mtoto wako akikamatwa na polisi nchini Uganda: haki zake kutoka kituoni hadi mahakamani

Jua linazama na mtoto wako wa miaka 15 hajarudi kutoka senta. Kisha jirani anakuja mbio: "Mama, kijana wako wamempeleka polisi. Wanasema ameiba simu." Wengi wetu wakisikia habari kama hiyo huanza kutafuta pesa. Wengine huogopa kwenda kituoni kabisa, wakidhani mkimbizi hana sauti mbele ya polisi.

Mambo hayo mawili yanaweza kumuumiza mtoto. Sheria ya Uganda ina njia ya pekee kwa mtoto anayeshukiwa kutenda kosa, na njia hiyo ni ya mtoto mkimbizi sawasawa na mtoto raia. Lakini haki hizo hazijilindi zenyewe. Mara nyingi zinategemea mtu mzima anayefika mapema, mwenye karatasi sahihi mkononi, na anayejua la kusema.

Makala hii inakueleza hatua kwa hatua. Imeandikwa kwa wazazi na walezi walioko Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II, Kyangwali, Kiryandongo, Kampala na kwingineko Uganda, na kwa majirani wenyeji pia, kwa sababu sheria ni ile ile.

Kwa kifupi: mambo matatu ya kukumbuka

1. Thibitisha umri wa mtoto mapema. Ulinzi wote unaoelezwa hapa ni wa mtu aliye chini ya miaka 18. Ukiandikwa umri usio sahihi kituoni, ulinzi huo unaweza kupotea.
2. Mtoto asihojiwe peke yake. Uwepo, au awepo mtu mzima mwingine ambaye sheria inamtambua.
3. Hesabu siku. Sheria imeweka mipaka ya muda ambao mtoto anaweza kushikiliwa na muda ambao kesi yake inaweza kuchukua. Andika tarehe tangu siku ya kwanza.

Nani anahesabiwa kuwa mtoto?

Katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Watoto, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Haijalishi kama ameacha shule, anafanya kazi, ameoa, au ana mtoto wake mwenyewe.

Mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Mtoto wa miaka 10 akichukua mahindi ya mtu, jambo hilo linaweza kuzungumzwa na familia, viongozi au afisa wa ustawi wa jamii, lakini hakuna mahakama inayoweza kumfungulia kesi ya wizi.

Kuanzia miaka 12 hadi kabla ya kutimiza 18, mtoto anaweza kushtakiwa, lakini kwa utaratibu wa watoto. Umri unaoangaliwa ni ule aliokuwa nao siku kosa linapodaiwa kutendeka. Kama alikuwa na miaka 17 siku hiyo na sasa ametimiza 18, lieleze jambo hilo kwa polisi na kwa hakimu.

Kwa nini karatasi ya familia ni muhimu sana?

Polisi anapoandika jina la mtu aliyekamatwa, huandika pia umri wake. Kijana mrefu mwenye sauti nzito anaweza kuandikwa "miaka 19" kwa kutazamwa tu. Wakati mwingine kijana mwenyewe husema ana miaka 18 kwa kujitutumua, au kwa sababu hajui mwaka wake wa kuzaliwa. Kuanzia hapo anaweza kuwekwa pamoja na watu wazima, kupelekwa mahakama ya watu wazima, na hata kulala gereza la watu wazima.

Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kuchukua ukienda kituoni si pesa, ni karatasi. Beba:

- karatasi ya familia uliyopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM), ile wengi wanayoiita atestesheni, yenye majina, picha na tarehe za kuzaliwa;
- cheti cha kuzaliwa, kama kipo;
- kadi ya chanjo au ya kliniki;
- ripoti ya shule au barua ya mwalimu inayoonyesha darasa na umri.

Toa nakala ukiweza, na nakala ndiyo uiache kituoni. Karatasi yenyewe ya OPM usimwachie mtu.

Katika kuamua umri, sheria inaruhusu kuangalia hati za kuzaliwa, za shule na za afya, pamoja na maelezo ya mzazi na ya mtoto. Pale ambapo hati hazitoshi, mtoto anaweza kupelekwa kwa daktari akadirie umri wake. Wewe mzazi unaweza kuomba jambo hilo lifanyike, na ukifika mahakamani unaweza kumwomba hakimu achunguze umri kabla kesi haijaendelea.

Familia nyingi zilitaja umri kwa kukisia zilipofika mpakani, au zikaandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu hakuna aliyekumbuka siku. Kama unajua umri ulioandikwa si sahihi, usingoje matatizo. Nenda kwenye dawati la usajili la OPM katika makazi yako, ukiwa na ushahidi ulio nao, uombe marekebisho. Wala usimdanganyie mtoto umri ili kumsaidia: ikigundulika, hakuna atakayeamini maneno yako mengine, hata yale ya kweli.

Polisi wanapaswa kufanya nini saa za kwanza?

Mtoto akikamatwa, polisi wanapaswa:

- kumweleza mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kumkamata na haki yake ya kuwa na wakili;
- kumjulisha mzazi au mlezi wake;
- kumweka mbali na watu wazima, na si katika chumba kimoja nao;
- kumwachilia kwa bondi, au kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24.

Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kwa mtoto, Sheria ya Watoto imepunguza muda huo hadi saa 24. Muulize afisa aliye zamu saa ngapi mtoto alifikishwa kituoni, uiandike. Andika pia jina la afisa, jina la kituo na namba ya kesi iliyo kwenye kitabu cha kituo.

Mtoto hapaswi kupigwa, kutishwa, kunyimwa chakula au kulazimishwa kukubali jambo. Mateso yamekatazwa na Katiba, na tangu mwaka 2012 Uganda ina sheria inayoyafanya kuwa kosa la jinai. Ukimkuta mtoto ana majeraha, omba apelekwe kituo cha afya, na uhifadhi karatasi utakayopewa huko.

Kukamatwa peke yake hakumwondolei mtoto hadhi yake ya ukimbizi. Mtu akikutisha kwamba "watawarudisha kwenu Kongo kwa sababu ya kesi hii", usikubali hofu hiyo ikufanye utoe pesa au ukae kimya.

Je, naweza kuwepo mtoto anapohojiwa?

Ndiyo. Polisi wanapaswa kuhakikisha mzazi au mlezi yupo mtoto anapohojiwa, isipokuwa pale ambapo uwepo wake si kwa faida ya mtoto, kwa mfano kama mzazi mwenyewe anahusika na jambo hilo. Mzazi asipopatikana, afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye wengi humwita probesheni, au mtu mwingine aliyeidhinishwa anapaswa kuwepo.

Ukiwa pale, kazi yako si kumjibia mtoto, wala kumfokea mbele ya polisi. Kazi yako ni kuhakikisha anaelewa anachoulizwa, na kwamba kinachoandikwa ndicho alichosema. Maelezo mengi huandikwa kwa Kiingereza. Kabla ya mtoto kutia sahihi au kidole gumba, omba yasomwe yote kwa lugha anayoielewa. Kama kuna jambo hakulisema, lirekebishwe kwanza. Mtoto ana haki ya kukaa kimya, na kunyamaza si kukubali kosa.

Bondi ya polisi ni bei gani?

Ni bure. Bondi ni ahadi ya maandishi kwamba mtoto atarudi kituoni siku fulani, na wewe unaitia sahihi ukiwa mdhamini wake. Afisa akikudai pesa "za bondi", muulize kwa heshima kama utapewa risiti, na kama unaweza kuzungumza na mkuu wa kituo. Ukiona hapo hapaendi, mtafute afisa wa ulinzi wa watoto wa shirika linalofanya kazi katika makazi yako, au ofisi ya OPM.

Ukishapewa bondi, tarehe ya kurudi ni lazima iheshimiwe. Mtoto akikosa kufika, atakamatwa tena, na safari hii itakuwa vigumu kumwachilia.

Je, lazima jambo hili lifike mahakamani?

Hapana, si kila mara. Sheria inawaruhusu polisi, pale inapofaa, kumpa mtoto onyo na kumwachilia, au kulimaliza jambo dogo bila mahakama.

Mahakama ya kijiji ya LC1 nayo inaweza kusikiliza makosa madogo ya watoto: ugomvi wa hadharani, shambulio la kawaida au lenye jeraha, wizi, kuingia kwa jinai katika eneo la mtu, na kuharibu mali. Inaweza kuamua mtoto aombe msamaha, arudishe kitu, familia ilipe fidia, au mtoto awe chini ya uangalizi wa mtu mzima anayeaminika kwa muda usiozidi miezi 6. Mahakama ya LC haiwezi kumfunga mtoto wala kumpeleka rumande.

Na viongozi wetu wa RWC? Wana nafasi kubwa. Wanaweza kukaa na familia mbili, kupatanisha, kutoa barua, kumsindikiza mzazi polisi. Lakini RWC si mahakama. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumfungia mtoto ndani, kuamuru achapwe viboko, au kutoza faini ya kosa la jinai. Na kosa zito, kama la kumtendea mtu ukatili wa kingono, halipatanishwi kwa mbuzi wala kwa pesa. Hilo ni la polisi na mahakama.

Mahakama ya Familia na Watoto ni ipi?

Kesi nyingi za watoto husikilizwa na Mahakama ya Familia na Watoto. Haifanani na mahakama tunayoijua ya watu wazima. Inapaswa kukaa katika jengo au chumba tofauti, milango ikiwa imefungwa kwa watu wasiohusika. Mazungumzo yanapaswa kuwa ya kawaida kadiri inavyowezekana: hakimu huuliza ili kujua ukweli, bila kumwacha mtoto abanwe kwa maswali makali ya pande mbili zinazoshindana.

Mbele ya mahakama hiyo mtoto ana haki hizi:

- kuhesabiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitishwe;
- kuelezwa shtaka kwa lugha nyepesi anayoielewa;
- kuwa na mzazi au mlezi karibu naye;
- kuwa na wakili;
- kupewa muda wa kujitayarisha, kuleta mashahidi wake na kuwauliza maswali mashahidi wa upande wa pili;
- kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe;
- kuelezwa kwamba anaweza kukata rufaa asiporidhika.

Hakuna anayeruhusiwa kutangaza jina, picha, shule au makazi ya mtoto mwenye kesi. Hilo linatuhusu sisi pia. Usisambaze picha ya mtoto aliyekamatwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama umekasirika. Kesi inaweza kuisha kwa miezi miwili, lakini picha itazunguka makazini kwa miaka.

Hatuelewi Kiingereza. Tutafanya nini?

Mahakama za Uganda huendeshwa kwa Kiingereza, na makarani wengi huzungumza lugha ya eneo, kama Kinyankole au Kinyoro. Mtoto anayezungumza Kiswahili, Kinyarwanda, Kinyabwisha, Kibembe au Kifaransa anaweza kukaa kesi nzima bila kuelewa neno.

Katiba inasema mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Mwambie karani mapema, kabla ya siku ya kesi, mtoto anaelewa lugha gani. Usiseme "Kiswahili" kama mtoto anakielewa kidogo tu. Kama mkalimani anatafsiri vibaya, au ana ujamaa na mlalamikaji, inua mkono umwambie hakimu hapo hapo. Ukinyamaza, yatakayoandikwa ndiyo yatakayobaki.

Wakili tutamlipa na nini?

Kwa makosa ambayo adhabu yake kisheria ni kifo au kifungo cha maisha, Katiba inataka serikali imlipie mshtakiwa wakili. Kwa makosa mengine, kuna msaada wa kisheria wa bure. Uliza kuhusu Uganda Law Society, Justice Centres Uganda, na Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo imekuwa ikiwahudumia wakimbizi tangu mwaka 1999. Katika baadhi ya makazi mawakili huja kwa siku maalumu. Ofisi ya ulinzi katika makazi yako inaweza kukuambia ni lini.

Mtoto akienda mahakamani bila wakili, mwombe hakimu muda wa kumtafuta. Kuomba muda si kosa, wala si kumdharau hakimu.

"Kubali tu, utaenda nyumbani"

Maneno haya yamewatia vijana wengi matatani. Yanaweza kutoka kwa mwenzake wa rumande, kwa mtu aliye kwenye benchi la mahakama, hata kwa jamaa aliyechoka na nauli. Kijana anakubali kosa ambalo hakulitenda, akidhani ndiyo njia ya mkato.

Mtoto akikubali shtaka, mahakama haina haja tena ya kusikiliza mashahidi. Mlalamikaji hataulizwa maswali. Kinachobaki ni kuamua mtoto atafanywa nini. Kwa hiyo kabla ya kujibu, mtoto aelewe mambo mawili: anashtakiwa kwa kitendo gani hasa, na kukubali kuna matokeo gani. Kuna tofauti kati ya kuokota simu barabarani na kuichukua mfukoni mwa mtu. Kama alifanya sehemu ya jambo na hakufanya nyingine, aseme hivyo hivyo.

Kama kweli alitenda, kukubali ni haki yake pia, na hakimu anaweza kulitazama kwa upole. Muhimu ni kwamba uamuzi uwe wake, baada ya kuelewa, si wa kuogopa.

Dhamana na rumande

Mtoto akifika mahakamani, hakimu anapaswa kumwachilia kwa dhamana, isipokuwa kama kumwachilia kutamweka mtoto katika hatari kubwa. Anaweza kuachiliwa kwa ahadi yake mwenyewe, au kwa wadhamini, ambao kwanza ni wazazi au walezi. Ahadi ya wadhamini hao ni ya maandishi. Sheria haitaki mzazi alipe pesa taslimu. Nenda na barua ya mwenyekiti wa RWC au LC1 inayoonyesha unakoishi, karatasi yako ya familia, na mtu mwingine mmoja anayekufahamu vizuri.

Dhamana ikikataliwa, mtoto anapelekwa rumande ya watoto, si gerezani. Nyumba za rumande za watoto ni chache: zipo kwa mfano Naguru mjini Kampala, Fort Portal, Kabale, Masindi, Mbale, Gulu na Arua. Kutoka makazini hadi huko kunaweza kuwa safari ya siku nzima. Usiondoke mahakamani kabla ya kujua mtoto anapelekwa wapi na kesi itarudi tarehe gani.

Ukisikia mtoto amepelekwa gereza la watu wazima, mara nyingi tatizo ni umri ulioandikwa kwenye karatasi ya mashtaka. Chukua ushahidi wa umri, uende mara moja kwa wakili, kwa probesheni au kwa karani wa mahakama.

Hesabu siku hizi

- Kituo cha polisi: saa 24, kisha mahakamani.
- Rumande kwa makosa mengi: isizidi miezi 3.
- Rumande kwa kosa ambalo adhabu yake kisheria ni kifo: isizidi miezi 6, kisha mtoto aachiliwe kwa dhamana.
- Kesi katika Mahakama ya Familia na Watoto: imalizike ndani ya miezi 3 tangu mtoto alipojibu shtaka. Isipomalizika, mtoto aachiliwe, na asishtakiwe tena kwa kosa hilo hilo.
- Kesi iliyopelekwa mahakama ya juu kwa sababu ya uzito wake: imalizike ndani ya miezi 12 tangu mtoto alipojibu shtaka, la sivyo aachiliwe vivyo hivyo.

Mahakama zina mafaili mengi, na faili la mtoto wako linaweza kusahauliwa chini ya mengine. Anayezijua tarehe ndiye atakayekumbusha. Nunua daftari dogo, uandike kila tarehe: ya kukamatwa, ya kufika mahakamani, ya kujibu shtaka, na kila mara kesi inapoahirishwa. Muda ukipita, mpelekee wakili au probesheni daftari hilo, naye aombe mahakama ichukue hatua.

Kesi nzito, na kesi za mtoto pamoja na mtu mzima

Makosa kama mauaji au wizi wa kutumia silaha hayasikilizwi na Mahakama ya Familia na Watoto. Huenda Mahakama Kuu. Mtoto akishtakiwa pamoja na mtu mzima, kesi pia husikilizwa katika mahakama nyingine. Hata hivyo, umri wake bado lazima uzingatiwe. Kosa likithibitishwa katika kesi ya pamoja, mtoto hurudishwa Mahakama ya Familia na Watoto ili iamue atafanywa nini. Na adhabu ya kifo haitolewi kwa mtoto.

Jambo jingine linalowaingiza vijana wengi matatani ni mapenzi. Nchini Uganda, kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa, hata kama alikubali na hata kama familia zimekubaliana. Likitendwa kwa mtoto aliye chini ya miaka 14 linakuwa kosa zito zaidi. Kijana wa miaka 16 anaweza kushtakiwa kwa kosa hilo. Sheria inaelekeza kwamba akiwa mtoto, kesi yake ifuate utaratibu wa watoto. Waambie vijana wako jambo hili waziwazi nyumbani, kabla hawajalisikia kituoni.

Kosa likithibitishwa, mtoto atafanywa nini?

Katika mahakama ya watoto, maneno "hatia" na "hukumu ya kifungo" hayatumiki. Mahakama husema kosa limethibitishwa, kisha hutoa amri.

Kabla ya amri, probesheni huandika ripoti kuhusu maisha ya mtoto: anaishi na nani, anasoma wapi, nini kilimfikisha hapo. Mpokee vizuri afisa huyo. Mweleze safari yenu, msiba kama upo, hali ya chakula nyumbani, na mtu aliye tayari kumsimamia mtoto. Ripoti hiyo inaweza kuwa ndiyo inayomrudisha nyumbani.

Hakimu anaweza kumwachilia mtoto bila masharti, kumpa onyo, kumwachilia kwa masharti kwa muda usiozidi miezi 12, kuamuru fidia au kurudisha mali, au kumweka chini ya uangalizi wa probesheni. Kumfungia mtoto ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya njia nyingine kufikiriwa. Muda wake usizidi miezi 3 kwa aliye chini ya miaka 16, na miezi 12 kwa aliyevuka umri huo. Kwa kosa ambalo adhabu yake kisheria ni kifo, usizidi miaka 3. Siku alizokaa rumande huzingatiwa. Kituo cha taifa cha kurekebisha watoto kiko Kampiringisa, wilayani Mpigi.

Kama mtoto hana mzazi hapa

Watoto wengi walifika Uganda peke yao, au wanaishi na shangazi, kaka, au familia iliyowapokea. Hawakosi haki kwa sababu hiyo. Mlezi anayeishi naye anaweza kusimama kama mzazi. Asipokuwepo mtu, probesheni anapaswa kusimama naye. Jirani, ukimjua mtoto kama huyo amekamatwa, usiseme "si wangu". Mjulishe mwenyekiti wa RWC na shirika la ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo, au piga 116, simu ya bure ya kitaifa ya kusaidia watoto Uganda.

Kama wewe ndiye uliyekosewa

Labda simu iliyoibiwa ni yako, au shamba lililovunwa usiku ni lako, nawe ni mwenyeji wa hapa. Una haki ya kulalamika, kusikilizwa na kulipwa fidia. Huna haki ya kumpiga mtoto, kumfunga kamba, wala kuita umati. Ukifanya hivyo, wewe ndiye utakayeshtakiwa. Mpeleke kwa LC1 au polisi, taja mashahidi wako, na kama jambo ni dogo, uliza kuhusu upatanisho. Kwa walio wengi, kitu kurudishwa na kuombwa msamaha mbele ya wazee huponya zaidi kuliko mtoto kukaa miezi rumande.

Neno kwa kijana mwenyewe

Ukikamatwa, usikimbie na usipigane. Sema jina lako na umri wako wa kweli. Sema: "Mimi ni mtoto, naomba mzazi wangu aitwe." Kariri namba ya simu ya mtu mzima mmoja, kwa sababu simu yako itachukuliwa. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Na ukiulizwa mahakamani kama umeelewa, na hujaelewa, sema "sijaelewa", hata mara tatu. Mahakama hiyo iliwekwa ili ikusikie.

Nawe mzazi, leo kabla ya kulala, toa karatasi ya familia uliyoiweka chini ya godoro. Soma tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto. Ikiwa kuna iliyokosewa, umeshajua kazi ya wiki hii.